Mkonge na Tequila: Ndugu Wawili, Bahati Mbili

Wapenzi wa vinywaji vikali mnaijua tequila. Chumvi mgongoni mwa kiganja, kipande cha ndimu pembeni, unabugia mara moja, unakunja uso, wenzako wanapiga makofi. Hicho ni kinywaji cha mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa bado mfukoni. Wengi tunajua kwamba kinatoka Mexico. Tunachosahau ni kwamba mmea unaotoa tequila una ndugu yake wa damu, na ndugu huyo yuko hapa hapa kwetu. Ukitoka Chalinze kuja Morogoro, kaa dirishani. Utamwona amepangwa kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, milima ya Uluguru imesimama nyuma yake. Ndiyo, ni mkonge.

Sitanii. Tequila hutoka kwenye mmea ambao wataalamu wanauita Agave tequilana. Mkonge wetu ni Agave sisalana. Ukoo mmoja, kwao kumoja. Hata hilo jina "sisal" ambalo Wazungu wanalitumia ni jina la bandari ndogo katika rasi ya Yucatán, Mexico, ambako singa zilikuwa zikipakiwa melini.

Sasa ndugu msomaji, mimi ni mwandishi wa habari, na kwa kazi yangu nimeona jambo moja. Habari ya mkonge ikifika chumba cha habari, haina haja ya kuuliza iende wapi. Inakwenda ukurasa wa biashara: tani, bei, wakulima wadogo, mwekezaji. Sijapata kuona habari ya mkonge ikipelekwa ukurasa wa sanaa na utamaduni. Kule Mexico ndugu yake ana nyimbo, michoro, filamu, makumbusho na nafasi katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa nini mmea wa ukoo mmoja kule uzae utamaduni, na huku uzae tani na bei tu?

Jibu jepesi ni kwamba wao wanaunywa na sisi hatuunywi. Silikubali jibu hilo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanzie kwao. Watu wa Mexico ya kati waliishi na agave, ambayo wao huiita maguey, miaka mingi sana kabla Mhispania hajakanyaga huko. Walikamua utomvu wake mtamu wakauchachusha ukawa pombe nyeupe nzito inayoitwa pulque. Nyuzi zake walisokota kamba na kufuma nguo. Mwiba wa ncha ya jani ulikuwa sindano. Waazteki waliupa mmea huo mungu wa kike, Mayahuel, ambaye katika simulizi zao ana maziwa 400 ya kunyonyesha wanawe 400. Wana hao ni sungura, na ndio miungu ya ulevi. Huko Cholula, mwaka 1969, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mchoro wa ukutani wenye urefu wa zaidi ya mita 50 ndani ya piramidi la kale. Umepewa jina la Wanywaji, kwa sababu unaonyesha watu wamekaa wanakunywa, kila mtu na chombo chake. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 1,800.

Wahispania walipofika katika karne ya 16 walileta ujuzi wa kukeneka, yaani kupika pombe ikawa mvuke na mvuke ukawa kinywaji kikali. Hapo ndipo tequila ilipozaliwa, ikapewa jina la mji wa Tequila katika jimbo la Jalisco. Mwaka 1795 familia ya Cuervo ilipewa kibali na mfalme wa Hispania cha kutengeneza na kuuza. Kazi yenyewe hadi leo inaanzia kwenye mikono ya watu. Mkataji, anayeitwa jimador, anashika chombo kirefu chenye ubapa wa mviringo kiitwacho coa, anafyeka majani yote mpaka linabaki shina la katikati lenye umbo la nanasi kubwa. Shina hilo ndilo linalookwa, kusagwa, kuchachushwa na kukenekwa.

Zingatia hapo. Wao hutupa majani na kuchukua moyo. Sisi huchukua majani na kuuacha moyo shambani. Mkonge wetu hukatwa majani yake kidogo kidogo kwa miaka mingi, majani kama 200 na zaidi kwa mche mmoja, mpaka siku unapotoa mlingoti wake mrefu, unachanua mara moja tu maishani, kisha unakufa.

Lakini tequila haikupendwa na wakubwa wa Mexico tangu mwanzo. Kwa muda mrefu waliokuwa nazo walikunywa konyaki ya Ufaransa, na pulque na tequila vikawa vinywaji vya makabwela. Kilichobadilisha mambo ni mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910. Baada ya vita, serikali mpya iliamua kuwalipa wachoraji wachore maisha ya watu wa kawaida kwenye kuta za majengo ya umma. Diego Rivera akauchora maguey na watu wanaoufanyia kazi katika kuta za Ikulu ya Taifa. Zikaja filamu. Kuanzia Allá en el Rancho Grande ya mwaka 1936, sinema za Mexico zilijaa wapanda farasi wenye kofia pana, wanaimba mapenzi na mariachi huku chupa iko mezani. Miaka ya sinema hizo ndiyo iliyoifanya tequila kuwa Mexico na Mexico kuwa tequila. Mwaka 1974 nchi ikajiwekea haki ya jina lenyewe, na mwaka 2006 UNESCO ikaingiza mashamba ya agave ya Tequila pamoja na viwanda vyake vya zamani, zaidi ya hekta 34,000, katika urithi wa dunia.

Kwa maneno mengine utamaduni ule haukuota wenyewe kama magugu. Watu waliukalia kitako wakaujenga.

Na msidhani kwamba historia yao ni ya starehe tupu. Huko Yucatán, kwenye agave ya singa wanayoiita henequen, ambayo ni ndugu wa karibu sana wa mkonge wetu, hali ilikuwa ya kutisha. Marekani walikuwa wamegundua mashine ya kuvuna ngano ambayo inafunga matita yenyewe kwa kamba. Mashine zikaenea, kamba zikatakiwa, wenye mashamba wa Yucatán wakatajirika kupindukia. Waliokata majani walikuwa Wamaya waliofungwa na madeni yasiyolipika, pamoja na Wayaqui waliosafirishwa kwa nguvu kutoka kaskazini ya nchi. Mwaka 1908 mwandishi wa habari wa Kimarekani, John Kenneth Turner, alikwenda huko akijifanya tajiri anayetafuta mahali pa kuwekeza. Wenye mashamba wakamweleza kila kitu kwa fahari. Alipoyaandika, dunia ikashtuka. Mwaka 1931 mtengeneza filamu wa Kirusi, Sergei Eisenstein, alipiga picha za mateso ya vibarua wa shamba la maguey katika filamu ambayo hakuwahi kuimaliza mwenyewe, ¡Que viva México! Sehemu hiyo ya filamu aliipa jina la mmea: Maguey.

Kwa hiyo wao wana raha ya mmea na wana machungu ya mmea, na yote mawili wameyaweka mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuyaona. Leo ukifika Yucatán yako mashamba ya zamani yaliyogeuzwa makumbusho, mashine zinawashwa, mgeni anaonyeshwa jinsi jani linavyokuwa kamba.

Tuje kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliyekuwa akifanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Florida kwenyewe mmea ulikuwa umepelekwa miaka ya 1830 na Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Campeche, Mexico. Miche ya Hindorf ilisafiri baharini kupitia Hamburg, mingi ikafa njiani. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miche 62 tu, jamani! Ndani ya miaka 20 koloni lilikuwa linauza nje karibu tani 20,000 kwa mwaka.

Mkonge ulifuata reli. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Morogoro mwaka 1907. Bonde kavu lenye jua kali, chini ya milima yenye mvua, na treni mlangoni: mwenye mtaji angetaka nini zaidi? Yakafunguliwa mashamba Kingolwira, Pangawe, Tungi, na mbele huko Kimamba na Kilosa. Wenyewe walikuwa Wajerumani, baadaye Wagiriki, Waingereza, Waswisi na Wahindi.

Na wafanyakazi je? Hapa ndipo Uluguru inapoingia. Waluguru wamejengeka katika koo za upande wa mama, na ardhi ya mlimani ni ya ukoo. Mtu mwenye shamba lake la migomba na mahindi huko Kinole au Matombo, anayeweza kushuka na mzigo wa chakula akauza mjini na mashambani, hana sababu kubwa ya kwenda kukata mkonge mwezi mzima chini ya mnyapara. Waluguru wengi hawakuuona mkonge kuwa ni kazi ya kutegemea. Watu wa mlima huu hawapelekeki ovyo. Mwaka 1955, wakoloni walipowalazimisha kulima matuta ya ngazi, walikataa, na ghasia zikatokea Matombo.

Basi wenye mashamba wakatafuta watu mbali, na kadiri walivyotoka mbali ndivyo walivyoshindwa kutoroka kurudi kwao. Waha wakatoka Kigoma, Wangoni Songea, Wanyakyusa na Wabena kusini, wengine Rwanda na Burundi, na Wamakonde wakavuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, maarufu kwa jina la SILABU. Mtu aliyeandikishwa alipewa namba. Ndiyo maana akaitwa manamba. Fikiria neno hilo: mtu anatoka kwao akiwa mtoto wa fulani wa ukoo fulani, anafika Morogoro akiwa ni namba.

Kazi ilipimwa kwa matita, kila tita majani 30, na majani yale yana miiba inayotoboa jicho na utomvu unaowasha ngozi. Mfanyakazi alishika kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo "mwezi" wa manamba ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Majani yalipakiwa kwenye mabehewa ya reli ndogo ya shamba hadi kwenye korona, ile mashine ya kuparua. Korona inakula jani zima na kutoa singa nyeupe. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kilo nne hivi. Zilizobaki ni maji na makapi, yanamwagwa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilipoziteka Ufilipino na Java zilizokuwa zikitoa nyuzi za kamba, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Watu wakachukuliwa kwa nguvu kuukata. Baada ya vita bei zikapanda, na tulipopata uhuru mwaka 1961 mkonge ndio uliokuwa ukiongoza kutuletea fedha za kigeni. Mwaka 1964 tulifikia kilele, takriban tani 230,000. Hakuna nchi duniani iliyotufikia.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Mexico walijenga utamaduni juu ya agave. Je, kwenye kambi za manamba hakukuwa na utamaduni? Ulikuwepo. Tena mwingi.

Chukua ngoma. Jumamosi jioni, kambi moja ina makabila kumi na ushei. Kila watu wana ngoma yao: Wangoni na lizombe, Wamakonde na sindimba, watu wa Nyasa na mganda. Kutoka mlimani Waluguru wana mbeta yao ya filimbi. Na katikati yao ni Kiswahili, kwa sababu Muha na Mmakonde wangeelewanaje? Tunapenda kusema kwamba Kiswahili kilienezwa na shule, siasa na TANU. Sawa, lakini kambi za mkonge nazo zilikuwa shule za Kiswahili, ingawa mwalimu wake alikuwa mnyapara.

Chukua pombe, maana tumeanza nayo. Mlimani pombe ya nafaka ilikuwa na mahali pake: kwenye tambiko, kwenye sherehe, kwenye kazi ya kusaidiana ambapo mwenye shamba anawashukuru waliomlimia. Kambini pombe ikawa bidhaa ya kununua siku ya posho. Pombe iliyokenekwa kienyeji, gongo, ikapigwa marufuku na wakoloni, na baada ya uhuru sheria ya mwaka 1966 ya pombe ya moshi ikaendelea kuibana. Tazama tofauti: Mexico kinywaji kikali cha kienyeji kilipewa kibali mwaka 1795, kwetu mpishi wa gongo anakimbizana na polisi mpaka leo. Na kinywaji chetu kikali cha kiwandani tumekiita Konyagi, jina lililotokana na konyaki ya Ufaransa, wakati molasi yake ni ya miwa. Sitetei gongo, watu wamepofuka na kufa kwa kunywa iliyopikwa vibaya. Nasema tu kwamba hata chupa tulipoipata tuliipa jina la watu wengine.

Chukua uchongaji. Vinyago vya Kimakonde ndivyo sanaa ya Tanzania inayojulikana kuliko zote nje ya nchi. Vimefikaje Dar es Salaam? Vililetwa na watu waliovuka Ruvuma kutafuta kazi, na kazi kubwa iliyokuwepo ilikuwa mkonge. Wengi wao wakapita kwenye mashamba hayo kabla ya kukaa chini na tezo na mpingo. Miaka ya 1950 Mohamed Peera, mwenye duka Dar es Salaam, alikuwa akinunua kazi zao na kuwahimiza. Samaki Likankoa hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani mtindo wa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana. Mtalii ananunua mnara huo, anaambiwa ni umoja wa Waafrika. Haambiwi kwamba nyuma ya mti ule kuna safari ndefu ya vibarua kwenda kwenye majani yenye miiba.

Halafu chukua muziki, na hapa mtu wa Morogoro anaruhusiwa kujidai. Mji huu kasoro bahari ulikuwa na Morogoro Jazz tangu mwaka 1944, bendi ambayo baadaye ilimtoa Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1948 kijana wa hapa, Salum Abdallah, akaanzisha bendi yake akaiita La Paloma, jina la wimbo wa Mhispania Sebastián Iradier uliozunguka Cuba, Mexico na dunia nzima. Baadaye ikawa Cuban Marimba. Vijana wa wakati huo walikuwa wakisikiliza sahani za santuri zenye muziki wa Cuba, zile za herufi GV. Inasimuliwa kwamba Salum aliwahi kutoroka nyumbani akitaka kupanda meli aende Cuba kabisa, akaishia Mombasa. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaichukua bendi. Sidai kwamba kila mpiga gitaa alitoka kambini. Lakini uliza nani alikuwa na shilingi ya kulipia kiingilio katika mji mdogo wa bara. Mji ule uliishi kwa reli, soko na mkonge.

Na neno marimba? Ni la Kibantu. Chombo hicho kilivuka Atlantiki katika kumbukumbu za watumwa wa Kiafrika, kikajengwa upya Amerika ya Kati, kikawa chombo cha kujivunia cha Guatemala na cha jimbo la Chiapas, kusini mwa Mexico. Mtaalamu wa agave Howard Scott Gentry, katika kitabu chake cha mwaka 1982, aliona kuwa chimbuko la mkonge huenda ni huko huko Chiapas. Kwa hiyo marimba ilitoka Afrika ikaenda Chiapas, na mkonge, ikiwa Gentry yuko sahihi, ulitoka Chiapas ukaja Afrika. Morogoro vikakutana, kimoja shambani na kingine kwenye jina la bendi. Waliokuwa wakicheza dansi usiku ule hawakuwa na habari.

Hata ukombozi wa Afrika umepita mkongeni. Chama kimojawapo kilichoungana kuunda FRELIMO mwaka 1962, MANU, kilianzia kwa Wamakonde wa Msumbiji waliokuwa Tanganyika, wengi wao wakiwa vibarua wa mkonge. Mazimbu, hapa Morogoro, ambapo ANC ya Afrika Kusini ilijenga Chuo cha Solomon Mahlangu mwishoni mwa miaka ya 1970, palikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wanafunzi wanajua habari za Mahlangu, na ni vizuri. Habari za waliokata mkonge katika ardhi ile nani anazijua?

Sasa mnaona kwa nini nakataa lile jibu jepesi. Sanaa ya mkonge tunayo: ngoma, vinyago, dansi, lugha yenyewe. Tulichokosa ni kuiita kwa jina lake.

Tazama nembo ya taifa. Miguuni pa yule mwanamume na mwanamke kuna mkarafuu na pamba. Mkonge, uliokuwa ukiongoza kwa fedha, haumo. Ulipata nafasi kwenye noti ya shilingi 10 ya mwaka 1966, picha ya singa zikianikwa. Hiyo ndiyo nafasi tuliyoupa: kwenye pesa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Lilikuwa jambo la haki kwa watu waliokuwa wameitwa namba. Lakini bei ilishaanza kuanguka, kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, usimamizi ukayumba, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000 tu. Tulitaifisha ardhi na korona. Kumbukumbu hatukuzitaifisha. Akina Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago walifanya utafiti mzuri juu ya vibarua wa kuhamahama, ukachapishwa Hamburg mwaka 1983, kwa Kiingereza. Mjukuu wa manamba aliyeko Kihonda ataupata wapi?

Wenzetu Wakenya angalau kiondo cha mkonge kinajulikana kuwa ni kazi ya mikono ya akina mama wa Kikamba na Kikuyu, na kimevuka bahari. Ubao wa vishale unaoning'inia kwenye baa za Uingereza umetengenezwa kwa singa za mkonge. Kila mahali mmea huu umeacha alama. Kwetu umeacha kambi zinazobomoka.

Nasema haya kwa sababu muda hautusubiri. Kijana aliyeandikishwa na SILABU mwaka 1950 akiwa na miaka 18 alizaliwa 1932. Hesabu mwenyewe amebaki na miaka mingapi. Mashamba mengine ya zamani kuzunguka mji yamekatwa viwanja, nyumba za bati jipya zinaota mahali palipokuwa na mistari ya mkonge. Na tangu mwaka 2019 mkonge umewekwa tena katika mazao ya kimkakati, miche inapandwa, viongozi wanahimiza. Vizuri sana. Makapi yaliyokuwa yakimwagwa siku hizi yanajulikana kuwa mali: huko Hale, Tanga, yamewahi kutumika kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Tumejifunza kwamba zile kilo 96 zilizokuwa zinatupwa zina thamani.

Basi tujifunze hivyo hivyo kwa historia. Sidai sanamu ya manamba pale Msamvu, ingawa nisingelalamika ikijengwa. Nataka mambo madogo. Korona moja ya zamani ihifadhiwe badala ya kuuzwa chuma chakavu. Kipande kimoja kiwekwe kwenye kabati la kioo mahali ambapo wanafunzi wa Morogoro wanaweza kukiona. Nyimbo za kambini zirekodiwe kabla waimbaji hawajaisha. Na sisi waandishi, siku tukipeleka habari ya mkonge kwa mhariri, tumwombe walau mara moja aiweke ukurasa wa utamaduni.

Wewe uliyezaliwa Tungi, Kimamba, Korogwe, Muheza au Kikwetu: babu yako alikuwa namba ngapi, na alitoka wapi? Kama yupo hai, nenda ukamuulize wiki hii. Mpelekee na sukari.